Kashata za Baiskeli

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa baiskeli!
Na nani kaipanda?
Aliyewahi!

Basi aliyewahi siku zote alikuwa Fisi. Fisi na mpwa wake Kindi walifanya kibarua katika shamba la karanga la Nyati, huko ng'ambo ya vilima. Nyati aliwapa baiskeli mbili za kuendea kazini. Moja nyepesi, matairi laini, ikishika njia ni swiii! Ya pili nzito, matairi mapana yenye vinundu, ukiipanda ni nguru-nguru-nguru.

Kila asubuhi Kindi akigusa ile nyepesi, Fisi humwambia, "Weka chini, mpwa wangu. Mkubwa huchagua kwanza."

Fisi huyo, swiii, akafika, akanywa uji wote. Kindi huyo, nguru-nguru-nguru, akafika, akakuta sufuria inaoshwa. Njaa ilimuuma, na hasira ilimuuma zaidi. Mwisho Nyati akamkemea, "Kindi, kesho ukichelewa tena, usirudi!"

Jioni Kindi akashika kitambaa, akaifuta ile baiskeli nzito huku akisema kwa sauti, "Afadhali! Kashata za mbele zipo. Kashata za nyuma zipo."

Masikio ya Fisi yakasimama. Sasa, mimi na wewe tunajua: vile vinundu vya tairi mafundi huviita kashata. Lakini Fisi hakuwahi kukanyaga kwa fundi. Kujaza upepo ilikuwa kazi ya mpwa. Kashata aliyoijua yeye ni ile ya karanga na sukari.

"Kashata? Nyingi?"

"Zimezunguka tairi zima, mjomba."

"Tamu?"

"Sijazionja. Mimi naendesha tu."

"Ngumu?"

"Ngumu kidogo. Lakini wewe una meno. Tafadhali, mjomba, usininyang'anye!"

"Mkubwa huchagua kwanza!"

Asubuhi Fisi akaondoka na ile nzito. Nguru-nguru-nguru. Hakufika hata kilima cha kwanza, akashuka, akauma tairi la mbele. Ng'wa! "Mbona haina sukari?" Ng'wa! "Labda sukari iko ndani." Ng'wa! Pssssss! Upepo wote ukamwishia machoni.

"Aa," akasema akijifuta, "tamu itakuwa ya nyuma." Ng'wa! Ng'wa! Pssssss!

Kindi akapita, swiii! "Salama, mjomba?"

"Mm-mm," akajibu Fisi, kinywa kimejaa.

Jua la utosi, Fisi akafika kwa miguu, baiskeli begani.

"Umechelewa kwa nini?" akanguruma Nyati.

"Kashata zimeisha, bwana."

Nyati akatazama matairi. "Kweli zimeisha. Nani kazimaliza?"

Fisi akafungua kinywa ajitetee, ikatoka mbweu. Beuuu! Shamba zima likanuka mpira.

Akafukuzwa kazi papo hapo, arudi kwao kwa miguu. Kindi alimwonea huruma mjomba wake, tena sana, mpaka uji ulipopakuliwa.

Mkiulizwa nyumbani ngano hii inafundisha nini, semeni inafundisha kusema kweli. Kindi alisema kweli tupu, neno kwa neno, na ndiyo maana alishiba.

Ngano yangu naiegesha hapo. Mwenye kuitaka aipande, ila asiitafune.