Mkwe Aliyesema Ameliona Bonde

Hii nilisimuliwa na wifi yangu Nakijwa, na yeye hakuambiwa na mtu, alikuwepo, ndiye aliyekuwa jikoni. Mimi kusoma sijui, lakini neno likiingia humu kichwani halitoki. Nawapa kama alivyonipa. Na nyie mkimaliza, mpeni mwingine.

Huko Upareni, milimani, alikuwepo mkwe mmoja anaitwa Kiangi. Kazi yake mjini ilikuwa kupiga picha za harusi kwa kile kidege cha kamera, droni. Kidege kinapaa huko, yeye yuko chini kashika rimoti yenye kioo. Kinachoonekana juu, anakiona mkononi. Picha haiji kwa waya, inakuja hewani kama redio. Na kama redio, ukikaa pabaya inakwaruza, halafu inanyamaza.

Siku hiyo Kiangi na mkewe Nietiwe walikuwa wamekwenda ukweni kusalimia. Kafika na suti, viatu vinang'aa.

Mama mkwe wake, Bi Namkunda, alitoka asubuhi kwenda kutafuta kuni. Saa saba hakurudi. Saa tisa hakurudi. Mama wa watu mguu wake mmoja mbovu, na ukungu wa kule ukishuka, baridi yake inaua.

Kuni za kule ziko pande mbili. Ama msituni juu, ama bondeni, nyuma ya kilima. Waliokuwepo nyumbani wa kwenda kumtafuta walikuwa wanne tu. Wakigawanyika hawafiki kokote.

Mzee Kajiru, baba mkwe, akamgeukia Kiangi. "Mkwe, hicho kidude chako kinaweza kututazamia bonde?"

"Baba, hiki kinakwenda kilomita saba!"

Wakamwekea kiti. Si mnajua mkwe anavyowekwa? Kiti chenye mto, chini ya banda la bati, mbele ya wazee wote. Kiangi akakaa, akakunja nne, akakirusha.

Nietiwe akamwinamia sikioni. "Baba Upendo, hapa bati, pale kilima. Picha itafikaje? Panda pale kwenye jiwe."

"Nipande jiwe na suti hii?"

"Kwenye harusi za watu unapanda mpaka juu ya fuso."

"Kule siyo ukweni," akasema Kiangi.

Maana kwao mkwe hatambai. Mkwe akionekana anakwea mawe kwa mikono na magoti mbele ya wakwe zake, atachekwa mpaka wajukuu wake wasimuliwe.

Basi kidege kikapaa, kikavuka kilima. Kikainama upande wa pili, na picha ikaganda. Kiangi anatazama kioo, anaona gugu moja na jiwe moja, havitikisiki. Akasukuma vidude vya rimoti mbele, nyuma. Wapi. Jasho likamtoka. Wazee wamemzunguka, wengine hawajawahi kuona kitu kama kile, wanamtazama yeye usoni kuliko kile kioo.

Sasa hicho kidege kikipotezana na mwenye nacho kinarudi chenyewe. Baada ya muda wakakisikia, hicho kinakuja. Kiangi akabonyeza bonyeza, akajifanya kakirudisha yeye.

"Umeona nini, mkwe?"

Hapo, wajukuu zangu, kulikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini kakaa kwenye mto, kasema kilomita saba.

"Bonde lote nimelipita, baba. Hakuna mtu."

Wale wanne wakashika mapanga, wakaenda msituni. Wakaita mpaka sauti zikakauka. Wakarudi mikono mitupu.

Kiangi alilala? Hakulala. Kulipoanza kupambazuka, kabla hata Nakijwa hajawasha moto, alishatoka. Kavua viatu, kakwea lile jiwe kwa magoti, suruali ya suti ikachanika. Akasimama juu, hapana bati, hapana kilima cha kuziba, akakirusha kidege, akainua rimoti kifuani. Picha ikaja safi kama maji ya chemchemi. Na kwenye picha, kando ya kijito, kanga nyekundu.

"Nimemwona! Yuko bondeni! Anatikisika!"

Wakamleta kwa machela. Mguu umevunjika, midomo imepauka, lakini anapumua. Wakamweka ndani, wakamfunika mablanketi, wakamnywesha uji. Nje huku ni furaha tupu. Mzee Kajiru akaagiza beberu achinjwe kwa ajili ya mkwe. Wanawake wakapiga vigelegele. Na Kiangi? Kasimama nje ya pazia, maana mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Anapongezwa, anaitikia, "Asanteni, asanteni."

Ndipo Bi Namkunda akasema kutoka ndani, kwa sauti ndogo.

"Mkwe wangu yupo hapo?"

"Nipo, mama."

"Asante, baba. Kidege chako kimeniona. Sasa naomba mniambie kitu kimoja. Kile cha jana kilikuwa cha nani?"

Vigelegele vikakatika.

"Jana kilikuja kingine. Kikasimama hapa, juu ya kichwa changu kabisa. Nikavua kanga nikapunga, nikapunga mpaka mkono ukaisha nguvu. Nikaita. Kikanitazama tu, kikageuka, kikaondoka. Mwenye kile ni mtu gani? Mniambie jina lake. Usiku kucha nimejiuliza nimemkosea nini."

Hakuna aliyemwangalia Kiangi. Nakijwa anasema ingekuwa nafuu wangemwangalia.

Angeweza kunyamaza. Mama wa watu angebaki na mtu wake wa kufikirika mpaka anakufa. Kiangi akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya pazia.

"Mama, ni hiki hiki. Ni mimi. Picha iliganda, sikuona kitu. Niliona aibu kusema sioni."

Beberu yuko chini, keshafungwa miguu.

Mzee Kajiru akavuta pumzi ndefu, akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomwumiza zaidi.

"Mwanangu, ungesema huoni, tungeshuka kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa."

Funzo: Kutoona siyo aibu. Aibu ni kusema umeona, mwenzako akabaki peke yake anapunga mkono.

Haya, jivuteni mlale. Na wewe Elineema usijifanye umesinzia, nakuona.