Jichokali Inataka Miwani

Paukwa?

Pakawa.

Mmekaa?

Tumekaa.

Basi sogeeni karibu, maana hii ina chui ndani yake na msimulizi wenu ni mwoga.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali kwa kuwa kompyuta zilikuwepo, Pimbi alikuwa hodari wa kusakinisha programu. Sifa zikamponza. Chui akamdaka shingoni, akambeba hadi pangoni kwake, na lango la chuma likajifunga nyuma yao, ngwa.

Lango hilo liliongozwa na kompyuta iliyojaa vumbi, yenye mfumo wa Linux, ule wa kuandikiwa amri. Mbele ya kompyuta palikuwa na mifupa. Pimbi akaitazama. Ilikuwa ya saizi yake.

“Niwekee Jichokali,” Chui akasema. “Ni programu inayoonyesha kila shimo la mlima huu, na kila pimbi aliyemo. Ukimaliza, utakwenda zako nyumbani.”

Pimbi akawawaza wanawe mle shimoni. Akimaliza, ataliwa yeye kwanza, wanawe wafuate. Asipomaliza, ataliwa sasa hivi.

Akaandika amri. Krrr, krrr, kompyuta ikaunguruma.

“Imekataa, mzee. Jichokali inataka kwanza Miwani.”

“Ipe Miwani.”

“Inauliza, ndiyo au hapana?”

Chui akanyoosha ukucha mmoja. Ta. Ndiyo.

Krrr, krrr.

“Miwani nayo inataka kwanza Taa.”

Ta. Ndiyo.

Krrr, krrr.

“Taa inataka kwanza Betri.”

“Hii ni programu au ni ukweni kwangu?” Chui akanguruma. Mate ya moto yakamdondokea Pimbi kisogoni. Ta. Ndiyo.

Krrr. Halafu kimya.

Maandishi marefu yakajaa kwenye skrini. Pimbi akayasoma hadi mwisho. Betri mpya haikupatana na vifurushi vya zamani, yaani vipande vya programu vilivyokuwemo tayari. Ili Jichokali iingie, vifurushi viwili vingeondolewa: kile kinachofunga lango, na kile kinacholeta picha kwenye skrini. Vilikuwa vimeandikwa chini kabisa, mstari wa mwisho.

Chui akisoma mstari huo, basi. Akihisi kuna kitu kinafichwa, basi vilevile.

“Mzee,” Pimbi akasema, sauti nyembamba kama uzi, “hapa pana maelezo. Nikusomee yote, tangu juu?”

“Soma.”

“Betri, toleo la pili nukta saba nukta tatu, haipatani na Betri, toleo la pili nukta saba nukta moja, ambayo inategemewa na Waya, toleo la nne nukta sifuri nukta—”

“Wewe kadudu, mimi nina njaa, unanisomea hotuba?”

“Bado kidogo tu, mzee. Nukta sifuri nukta tisa, isipokuwa pale ambapo toleo la—”

Ta. Ndiyo.

Krrr, krrr, krrr. Skrini ikazimika, nyeusi tii. Na palepale kompyuta ikatoa sauti, tamu kama ya mtangazaji wa redio: “Jichokali iko tayari. Pimbi ameonekana. Tazama skrini.”

Nyuma yao kufuli likalegea, klik. Chui hakulisikia. Alikuwa amebandika pua kwenye skrini.

“Yuko wapi?”

“Pimbi ameonekana. Tazama skrini.”

Pimbi akainama. Akapita chini ya tumbo la Chui, nyatu, nyatu. Manyoya ya tumbo yakamgusa mgongo. Akasimama. Akabana pumzi.

“Nimetazama! Yuko wapi?”

“Tazama skrini.”

Nyatu, nyatu, nyatu, hadi kwenye upenyo wa lango, hadi juani. Hapo miguu ikakumbuka kazi yake. Kabla jua halijazama, wanawe wote walikuwa wamehamia ng’ambo ya mlima, na upepo ukivuma kutoka pangoni walisikia: “Wapi?” “Tazama skrini.” “Wapi?” “Tazama skrini.”

Ngano yangu imeishia hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: kompyuta ikikuandikia maneno marefu, usijichoshe kuyasoma. Bonyeza ndiyo. Mimi hubonyeza kila siku, na bado sijaona tatizo lolote. Wala picha yoyote.