Jina la Mjukuu wa Bibi Otilia

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitadai hukumu na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Parokia moja ya Mbinga ilipeleka mahujaji Nchi Takatifu. Kati yao walikuwamo wanawake watatu. Generosa, mwalimu wa kwaya, alikuwa na sikio: waimbe watu hamsini, angekuambia nani kakohoa. Eufrasia alikuwa na ubishi. Akisema hapana, hata paroko hubadili ratiba. Osmunda alikuwa na mgongo, tena mgongo uliobeba magunia ya kahawa tangu usichana wake.

Wa nne ni Bibi Otilia Kapinga, mwenye magoti mabovu na nadhiri nzito. Binti yake alikuwa amezika watoto watano. Bibi akamwahidi Mungu kwamba wa sita akiishi, atakwenda mwenyewe Mto Yordani, aingie majini kushukuru, kisha arudi na maji ya kumbatizia. Mtoto akaishi, wa kike. Siku ya kuondoka Bibi alisimama kanisani akasema, "Atakayenifikisha Yordani, mjukuu wangu atabeba jina lake." Mkwewe alikubali kwa shida, tena jina moja tu.

Ili wasipoteane, wanawake wote walishona kitenge cha bluu cha aina moja. Werevu kweli! Kumbe parokia nyingine nayo ilinunua kitenge kile kile. Siku ya mwisho, katika msongamano wa Yerusalemu, Bibi Otilia alifuata bluu isiyo yake akapanda basi la wale wengine, na mama mmoja wa kwao akapanda basi la Mbinga. Kiongozi akahesabu vichwa, vikatimia. Safari ya Yordani ikaanza.

Rozari ilipoanza, Generosa alinyanyua kidole. "Ile sauti ya nyuma si ya Bibi Otilia." Wenzake wakamwambia asali, aache mambo yake. Hakuacha. Alikwenda hadi kiti cha mwisho, ambako mama mmoja alikuwa amejifunika mtandio kwa baridi ya kiyoyozi. Akaufunua, akakutana na uso asioujua. Bila sikio lile, wangegundua jioni.

"Bibi yumo kwenye basi la wale wengine, nalo linarudi hotelini kwetu; tutamkuta huko," alisema kiongozi. "Lango la mtoni hufungwa saa kumi, na kesho alfajiri tunapanda ndege."

Eufrasia akasimama kando ya dereva. "Sikai."

"Mama, kaa, ni sheria."

"Sikai mpaka umpigie mwenzako. Mama wa watu kaja kutimiza nadhiri, hakuja kulala hotelini!"

Dereva akaegesha, simu zikapigwa, mabasi yakakutana kwenye kituo cha mafuta, wale akina mama wakabadilishana viti. Bila ubishi ule, Bibi angeishia hotelini.

Walipokaribia mto, foleni ya mabasi ilikuwa imeziba barabara. Lango liko mbali, jua linachoma, imebaki robo saa. Bibi alishuka akapiga hatua kumi, goti likakataa. "Niacheni. Mungu ameiona nia yangu."

"Mungu ameiona, lakini mto hujauona," alisema Osmunda. Akachuchumaa, wakamfunga Bibi mgongoni kwa kitenge kama mtoto.

"Mwanangu, watu wanapiga picha!"

"Wapige, Bibi. Shika shingo."

Akakimbia. Mlinzi alikuwa ameshashika komeo alipowaona, akacheka, akawapisha. Bila mgongo ule, Bibi angelitazama lango kwa mbali.

Bibi Otilia aliingia majini hadi kifuani. Alilia kwa sauti, akawataja wale watano waliozikwa, mmoja mmoja, kisha akajaza chupa yake.

Kwenye basi la kurudi kukawaka moto. "Nisingesikia, nani angemtafuta?" alisema Generosa.

"Umesikia, sawa. Basi ulilisimamisha wewe?" alijibu Eufrasia.

"Na hilo basi liliingia mtoni?" aliuliza Osmunda.

Simu ya Bibi ikalia. Ni binti yake. "Mama, umefika mtoni?"

"Nimefika, mwanangu."

"Basi mtoto anaitwa nani?"

Bibi akaifunika simu kwa kiganja, akawatazama wale watatu. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake, na mimi sioni kwa nini angemwachia.

Haya, simu nimekupa wewe. Binti anasubiri. Mtoto aitwe Generosa, Eufrasia, au Osmunda? Sema na sababu yako, tena usithubutu kuniambia "wote."