Gurudumu Lililojua Pa Kuvunjikia

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Vizuri. Sogeeni basi, watoto mbele, wakubwa nyuma. Na wewe Bwana Sendeu wa mashine ya kusaga, usijifiche nyuma ya mlango, maana ya leo inakuhusu.

Zamani, zamani za huko nyuma kabisa, palikuwa na nchi ya wanyama ikiitwa Kidundwe. Majani yalikuwa tele, lakini maji yalikaa chini. Chini sana. Yalikaa ndani ya shimo la mawe, refu, jeusi. Unatupa kokoto, unahesabu moja, unahesabu mbili, unahesabu tatu, unahesabu nne, ndipo unasikia, chubwi. Tumbili walishuka wakapanda na maji kiganjani. Wengine wote walilamba umande.

Mtawala wao, Mtemi Nyati, akamwita Fundi Nyani. Akamwambia atengeneze mtambo wa kupandisha maji. Nyani akatengeneza. Lo, siku ile mngekuwapo! Alichonga gurudumu kubwa kuliko nyumba hii. Akalizungushia kamba ndefu mpaka chini, na kwenye kamba akagandisha vibuyu kwa utomvu, kimoja, kingine, kingine, visibanduke milele. Ule mti wa katikati, ambao gurudumu huuzungukia, akaufunika ndani ya gogo la mninga, akaliziba kwa nta, akalisugua mpaka likang'aa. Hapakuonekana kiungo wala ufa.

Pundamilia akasukuma mpini. Kri-ri-ri, gurudumu likazunguka. Chubwi, vibuyu vikazama. Mwaa, maji yakamwagika juu ya nchi. Twiga aliinamisha shingo mpaka chini. Kiboko, mnene vile, alilia. Walikuwa hawajawahi kuona maji yakipanda juu.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Kitu kipya hakitajwi kuharibika. Ukitaja umefanya uchuro, yaani umeita mkosi, na mwenye uchuro hulambishwa jivu mbele za watu, kisha huwa wa mwisho kunywa maji.

Katikati ya mshangao ule akatokea Bibi Kakakuona. Mnamjua, yule mwenye magamba, mwendo wa polepole, macho madogo. Alilizunguka lile gurudumu mara moja. Akalizunguka mara ya pili. Akaweka sikio kwenye gogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu:

"Fundi, litaanza kuharibikia wapi? Na pakiharibika, mkono utapitia wapi?"

Ehe! Wanyama wote wakageuka. Nyani akasema mtambo wake hautaharibika. Mtemi akasema uchuro umetamkwa. Jivu likaletwa, Kakakuona akalilamba mbele za watu, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya fisi.

Maji yakatoka. Mwezi mmoja, kri-ri-ri. Mwezi wa pili, kri-ri-ri. Mwezi wa tatu, wakati jua limeshika kasi na umande umekwisha, gurudumu likaanza kulia. Kwiii. Kwiii. Kila mnyama alisikia. Nani aseme? Jivu linaogopesha. Basi wakasema linaimba. Mnacheka? Walisema linaimba, na wakalichezea ngoma! Gurudumu linalia kwiii kama mgonjwa, na ngiri anakata kiuno.

Siku moja asubuhi kibuyu kikanasa kwenye jiwe huko chini. Pundamilia akasukuma. Hakikutoka. Akasukuma kwa nguvu zote. Kwiii, ta! Mti wa katikati ulikuwa umeshalika na kukauka ndani kwa ndani, ukakatika pande mbili.

Nyani akaja mbio. Akapapasa gogo. Hapafunguki. Kuufikia ule mti ni lazima apasue gogo. Kupasua gogo ni lazima akate kamba. Kukata kamba ni kupoteza vibuyu, maana alivigandisha mwenyewe visibanduke. Akakaa chini, akashika kichwa, akasema aanze upya, na kuanza upya kutamchukua miezi miwili.

Miezi miwili! Na Mama Pongo alikuwa amezaa juzi. Mtoto wake, miguu bado inatetemeka, alilala kivulini ulimi nje. Mama hakuwa na maziwa kwa kuwa hakuwa na maji. Tumbili waliendelea kushuka shimoni, lakini kiganja cha tumbili kinatosha mtoto wa tumbili. Siku ya tatu mtoto wa pongo akaacha kunyanyua kichwa.

Mama Pongo akasimama. Akapita mbele ya Mtemi bila kuinama. Akaenda hadi kwa Kakakuona.

"Dada," akasema, "lile swali ulilouliza siku ile, niulize mimi. Mtoto wangu anakufa. Kama kuna jivu, nitalilamba mimi."

Kakakuona akamtazama yule mtoto, akainuka. Akasema hana muda wa kutengeneza kitu kizuri, atatengeneza kitu cha kutengenezeka.

Akaanza kazi saa ileile, usiku kucha. Akakata miti miwili yenye panda, akaisimika ukingoni. Juu ya zile panda akalaza mti wa katikati, wazi kabisa, hata kipofu angeugusa, akaupaka mafuta ya nyonyo. Akakata kamba ya zamani, akapasua gogo, na gurudumu la Nyani akalitumia, kwa sababu lilikuwa zima, na hakuona haya kusema Nyani alilichonga vizuri. Kamba akasuka mpya. Vibuyu akachagua vya ukubwa mmoja, kila kimoja akakifunga kwa fundo moja lililo rahisi kufungua. Mwisho kabisa, pale mpini unaposhikana na gurudumu, akapigilia kijiti chembamba cha mti laini, na vijiti vingine kumi kama hicho akavining'iniza pembeni.

Wanyama wakatazama. Mtambo ulikuwa kama mifupa iliyosahauliwa nje. Fisi akacheka, na fisi akicheka mambo ni mabaya. Nyani akauliza kwa nini mti laini, mahali penye nguvu nyingi namna ile. Kakakuona alimwambia Pundamilia asukume.

Kri-ri-ri. Kamba ikashuka. Chubwi. Kamba ikapanda. Mama Pongo alikuwa amesimama ukingoni, anahesabu vibuyu kwa midomo. Kibuyu cha kwanza kikakaribia juu. Kikakaribia. Wote wakakiona.

Ta!

Mpini ukazunguka mtupu. Gurudumu likasimama. Huko chini kibuyu kingine kilikuwa kimenasa tena, kwenye jiwe lilelile.

Mama Pongo akapiga magoti. Mtemi Nyati akanyanyuka, pembe mbele, akasema safari hii jivu halitoshi, safari hii mtu atafukuzwa nchini.

"Subiri, Mtemi," akasema Kakakuona. "Mtambo umevunjika pale nilipotaka uvunjike. Tazama."

Akarudisha gurudumu nyuma kidogo kwa mkono, kibuyu kikachomoka jiweni. Akaangusha kipande cha kijiti. Akachukua kijiti kingine. Ko, ko, ko. Mara tatu tu. Pundamilia akasukuma. Kri-ri-ri. Maji, mwaa.

Enyi wenzangu, mimi nimesimulia hadithi hii mara nyingi, na kila nikifika hapa mwili unanisisimka. Walikuwa wameona mtambo ukivunjika na kupona kwa kufumba na kufumbua. Mti wa katikati mzima. Kamba nzima. Gurudumu zima. Kimekufa kijiti, kitu cha kuokota bure porini, ili vingine vyote viishi. Hakuna aliyepiga makofi. Walisogea karibu, polepole, kama watu wanaoingia nyumba ya ibada, na Mtemi Nyati alikuwa miongoni mwao, pembe zimeshuka.

Mama Pongo akachukua maji mdomoni, akamdondoshea mtoto. Tone. Tone. Ulimi ukarudi ndani. Kichwa kikanyanyuka.

Nyani akaja mbele. Akamwomba Kakakuona avunje kijiti kwa makusudi. Kakakuona akavunja. Nyani akakibadilisha mwenyewe. Halafu akajaribu Kobe, na Kobe hana vidole, akaweza. Akajaribu Digidigi, akaweza. Ikawa foleni ndefu, si ya kunywa, ni ya kutengeneza. Na kila asubuhi mnyama mmoja alipewa zamu ya kupaka mafuta na kutega sikio, na akisikia kwiii aseme kwiii, asiseme wimbo.

Kakakuona alikaa siku saba. Siku ya nane alikunja magamba yake akaondoka, maana watu wa kabila lake hawakai mahali pamoja. Mtemi alimtumia wajumbe wamuulize mtambo ukiharibika wamtafute wapi. Wajumbe hawakumkuta. Mvua zikaja, zikapita. Kiangazi kikaja, kikapita. Mtoto wa pongo akakua, akazaa, na wanawe wakanywa pale. Vijiti vilivunjika mia, vibuyu vilipasuka mia mbili, na maji hayakukatika hata siku moja. Wakati mwingine wanyama walisimama tu pale ukingoni, wakautazama ule mtambo wa mifupa ukizunguka, na fundi wake hakuhitajika kuitwa.

Fundisho ni hili: anayetengeneza kitu afikiri kitaharibikia wapi kabla hakijaharibika, apaache wazi, na sehemu ya kuvunjika kwanza iwe ile rahisi kupata na rahisi kubadilisha. Kitu kikilia, kisikilizwe. Kusema kitu kitachoka si uchuro, ni kumpenda atakayekitumia.

Hadithi yangu imefika mlangoni, siivushi zaidi. Aliyesikia ameondoka nayo, aliyesinzia amuulize jirani. Na wewe Bwana Sendeu, kesho ukafungue ile mashine, tangu Jumatatu inaimba.