Watatu Walioitika kwa Jina Moja

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale kwamba mkaguzi wa majeshi, Ubaidi bin Rafii, mja mcha Mungu, alitumwa na amiri wake kwenye ngome moja ya mpakani. Alipewa shayiri ya kuwalipa mafundi wauongeze ukuta dhiraa tatu. Alipewa na swali: mbona ngome hii, yenye ukuta mfupi kuliko zote, ndiyo pekee ambayo askari wake hawatoroki?

Asubuhi alisimama langoni akiita majina. Aliyeitika alipimiwa pishi yake ya shayiri.

"Thumama bin Adi!"

Wakaitika watu watatu.

"Leo zamu yangu," mmoja alinong'ona kwa hasira. "Wewe uliitika juzi."

Ubaidi akauliza, "Huyu Thumama ana midomo mingapi?"

Mwanamke mmoja akasogea mbele, kikapu mkononi.

"Mimi ni Raita, mjane wake. Thumama aliuawa kwenye ukuta huu mwaka jana. Shayiri yake tunakula mimi na wanangu wanne."

"Shemeji, nyamaza!" alisema mmoja wa wale watatu, askari aitwaye Zuheri. "Unajikatia riziki."

"Nimeulizwa mbele ya Mungu, shemeji. Niseme nini?"

Kwa sheria ya wakati ule, posho ya askari ilikoma siku ya kufa kwake. Ubaidi akalifuta jina. Kisha akamgeukia Zuheri.

"Na zamu yake ya ulinzi?"

"Anayeitika jina lake mchana husimama mahali pake usiku. Hatukutaka kuchukua shayiri ya mtu asiyelinda."

"Kumbe mnagombea kukesha?"

"Tuna watoto sote, bwana. Tukiwaona wa Thumama wameshiba, tunalinda bila kugeuza shingo kutazama nyumbani."

Ubaidi akamwandikia amiri: "Swali lako nimelipatia jibu. Naomba ukuta uongezwe dhiraa mbili, na shayiri ya dhiraa ya tatu wapewe jamaa za waliouawa."

Jibu lilichukua siku kumi na mbili. Siku hizo Raita aliwasagia watu nafaka kwa ujira wa pumba, na hakumlaumu mtu.

Siku ya kumi na tatu Ubaidi aliita langoni: "Watu wa nyumba ya Thumama!"

"Labeka," akaitika Raita mwenyewe, akapimiwa pishi yake.

Usiku ule hakuna aliyedaiwa zamu ya Thumama. Hata hivyo, watu watatu walionekana wamesimama mahali pake.

Ndugu zangu, waliosimulia hawakutaja ukuta ule ulifika kimo gani. Walichotaja ni kwamba hakuna askari aliyewahi kuuruka kukimbia. Mwenyezi Mungu awarehemu, na atujaalie tukiulizwa tuseme kweli.