Fidla ya Nyanchama na Msiba wa Chennai

Watu wa Nyamarambe husema Eucabeth Nyanchama alianza kuuliza kabla hajaota meno. Utotoni alitaka kujua kwa nini ndizi hukatwa zikiwa mbichi, na kwa nini fidla ya mwalimu wa kwaya hulia ilhali haina mdomo. Mwalimu alipochoka kumjibu, alimkabidhi fidla yenyewe aiulize mwenyewe. Akaiuliza miaka na miaka, hata harusi za Kenyenya na Masimba zikawa hazinogi asipokuwapo.

Lakini mtu akishasifiwa sana huanza kuogopa kuonekana hajui. Kadiri jina la Nyanchama lilivyokua, ndivyo maswali yake yalivyopungua.

Basi likaja kundi la watengenezaji filamu, Watamil kutoka Chennai, kusini mwa India. Walivutiwa na vilima vya chai vya Nyamira kwa kuwa vinafanana na vya jimbo lao. Mtunzi wao wa muziki alikuwa ameugua na kujitoa kazini. Mwongozaji wa filamu, Bwana Kathir, alimsikia Nyanchama harusini akamwita.

"Kuna mahali katika filamu mzee wa familia amefariki, anatolewa nyumbani," alimwambia kwa Kiingereza. "Nitungie muziki wa hapo. Ukinifaa, filamu nzima ni yako. Usiponifaa, nitatafuta mtu Chennai."

Nyanchama alifurahi hadi akasahau kuketi. Harusini watu hutaka nyimbo wanazozijua tu. Hapa palikuwa na mtu anayetaka wimbo wake mwenyewe. Maswali yakamjaa kooni. Ogoti, mpiga kinanda aliyezunguka naye harusini kote, akamkanya kando.

"Tiga, acha hayo maswali, dada. Ukianza kuuliza-uliza, huyu ataona hujui kazi. Msiba ni msiba. Hata kwetu watu wanalia."

Nyanchama akayameza maswali yake. Alitunga wimbo wa polepole, mzito, uliofanana na zile nyimbo ambazo Wasabato wenzake huimba jeneza likishushwa. Ijumaa asubuhi akaupiga uani, katika nyumba waliyopanga wageni. Ogoti alifuta machozi. Watamil hawakufuta chochote. Walitazamana tu, kama wageni walioandaliwa chakula wasichokijua.

"Ni mtamu," Kathir alisema kwa upole. "Lakini simwoni mzee wangu humu. Tunaondoka Jumapili. Jaribu tena ukiweza."

Nyanchama aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Wazo la kwanza lilikuwa auzidishie wimbo huzuni, aupunguze mwendo hadi mawe yalie. Hata hivyo, zile nyuso zilimsumbua. Mbona walitazamana vile? Hawakukasirika wala hawakuchoshwa. Walikuwa wakingoja nini? Ile hamu yake ya zamani ya kujua ikamshika mkono, ikampeleka jikoni. Huko alimkuta Ponni, mama mtu mzima aliyekuja na kundi lile kutoka Chennai kulipikia, akikaanga viungo.

"Mama Ponni, nikuulize jambo la kijinga?" akasema kwa Kiingereza chepesi.

"Uliza, mwanangu."

"Kwenu mzee akifa, watu hufanya nini?"

Ponni akaepua sufuria. "Mzee gani? Aliacha wajukuu?"

Nyanchama hakujua. Alikuwa amemlilia marehemu siku kadhaa bila kuuliza alikuwa nani.

"Kijana akifa, tunalia," Ponni alimweleza. "Lakini mzee aliyekula chumvi nyingi, akaona hata vitukuu, huyo husindikizwa kwa ngoma. Watu hucheza mbele yake barabarani. Baba yangu alichezewa hadi vumbi likatuziba macho. Nililia huku nikicheza."

Nyanchama akavuta kiti, akaketi mezani. Kanisani kwao ngoma haiingii hata siku ya furaha, sembuse msibani. Hapo bwawa likapasuka. Nani huanza kupiga? Mwendo wake ukoje? Binti wa marehemu hulilia wapi, kabla ya ngoma au ndani yake? Ponni alijibu kwa kugonga mwiko juu ya sufuria, na Nyanchama akafuata kwa kidole juu ya meza.

Jumamosi alikwenda kanisani kama kawaida, akaketi huku ngoma ikimvuma kichwani, akamwomba Mungu asikasirike. Jumapili asubuhi, mizigo ikifungwa, akawaomba mafundi wa taa wawili wa kundi lile wampigie ngoma. Kumbe walizaliwa nazo. Fidla ikapanda juu ya ngoma na kucheza. Kisha katikati akazinyamazisha, akaiacha fidla peke yake ilie kama binti aliyefiwa, halafu ngoma zikarudi. Ponni alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alicheza machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Kathir alimtazama Ponni, akamgeukia Nyanchama. "Sasa namwona mzee wangu humu," akasema. "Filamu ni yako."

Filamu hiyo ilizaa nyingine. Leo Nyanchama hutunga akiwa nyumbani Nyamarambe, na huko Chennai waigizaji hucheza muziki wake. Hajui Kitamil zaidi ya salamu. Ogoti ndiye mpiga kinanda wake, naye siku hizi hagusi kinanda kabla hajajua ni nani amekufa, alikuwa na umri gani, na aliacha wajukuu wangapi. Hakuna anayemcheka, kwa maana kuuliza si ujinga.