Taa ya Sekela

Sogeeni, niwape ya ziwani.

Zimwi la ziwa liliapa kumpisha kila msafiri ambaye lingeiona taa yake. Basi Ambilikile akamtengenezea mkewe, Sekela, taa isiyozimwa na upepo wala maji. Akaifunga mbele ya mtumbwi.

“Nitakuona ukiwa mbali.”

“Usisinzie tu, bwana wee.”

Usiku, Ambilikile akiwa ufukweni, aliiona taa ikirudi, na zimwi nyuma yake. Mgongo wa Sekela ulikuwa umeikinga taa isionekane kwa nyuma.

“Nyuma yako!” Ambilikile akapaza sauti. Sekela akapunga kafi, akidhani anasalimiwa.

“Nyuma yako!” Akacheka.

“Nyuma yako!”

“Mbona giza tupu,” zimwi likasema, likapita juu yake.

Taa haikuzimika. Ambilikile huiona kila usiku ikielea, naye bado huiita.

Nami namwacha hapo, ufukweni.